Muulize Muuguzi Mkimbiaji: Nani amsubiri nani jangwani?

SWALI: Shikamoo Mama. Sisi ni marafiki wanne hapa Tabora. Tangu mwaka juzi tunaweka fedha kwenye kibubu ili siku moja tukakimbie Marathon des Sables, mbio za siku kadhaa jangwani kule Moroko. Watatu mwendo wetu unalingana, ila mwenzetu mmoja ni mzito kidogo. Tumeapa kuanza pamoja na kumaliza pamoja. Tufanye mazoezi gani, na begini tubebe nini?
Msomaji, Kiloleni, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale penye “tumeapa” nasimama. Mazoezi nitakueleza, na begi pia. Lakini kwanza tuongee kuhusu hicho kiapo.

Mimi nilizikimbia mbio hizo nikiwa muuguzi Uingereza, pamoja na wenzangu wawili wa wodi moja. Wafanyakazi wenzetu walituchangia, maana ada peke yake inapita euro 3,000. Tuliapa maneno yaleyale yenu, ila hatukuulizana maana yake. Siku ya kwanza mmoja wetu, aliyetuzidi umri, alisimama kila baada ya muda kukung’uta mchanga kwenye viatu. Sisi wawili tulimsubiri juani. Tulimwambia “usijali, dada,” na mioyoni tulikuwa tunajali sana. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Usiku hemani, mnamolala watu wanane mmebanana chini ya turubai lililo wazi pembeni, hatukuwa na maneno.

Kisha ikaja siku ndefu. Mbio zote ni kama kilomita 250, zimegawanywa kwa hatua za siku, na hatua moja kati ya hizo hupita kilomita 80, kwa hiyo wengi wetu huimalizia gizani kwa taa ya kichwani. Jua lilishazama tulipofika kituo kimoja cha maji. Dada yule akakaa chini, akasema, “Nyie nendeni, mimi niko sawa.” Tukaenda. Nilifika kambini kabla ya alfajiri, nikatandika mfuko wa kulalia, na usingizi haukuja. Alifika kesho yake jua likikaribia utosini, kwa miguu yake mwenyewe, midomo imepasuka. Akavua viatu, akanipa mgongo, akala. Alipomaliza ndipo akaniambia, “Nilisema nendeni. Sikusema nataka muende.”

Nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimeambiwa maneno mengi makali. Hilo ndilo bado linaniamsha usiku.

Kwa hiyo, kabla hamjanunua hata soksi, kaeni kivulini siku ambayo hakuna aliyechoka, muandike kwenye karatasi. “Kumaliza pamoja” ni kuvuka mstari mkiwa wanne bega kwa bega, au ni kila mmoja kuumaliza na kuwapokea wenzake? Yote mawili ni halali. Aliyeanzisha mbio hizi, Mfaransa Patrick Bauer, mwaka 1984 alivuka jangwa la Algeria kwa miguu peke yake, kama kilomita 350 kwa siku 12, akiwa amebeba kila kitu mgongoni. Mbio zenyewe zikaanza 1986 kwa wakimbiaji 23. Ndiyo maana mpaka leo kila mtu hubeba chakula chake na muda wake huhesabiwa peke yake. Hakuna atakayewalazimisha kwenda pamoja. Ni uamuzi wenu.

Mkiamua kwenda pamoja, basi huyo mnayemwita mzito awe kirangozi. Wewe ni mtu wa Tabora, neno hili unalijua. Babu zetu wapagazi walipotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na mizigo ya kilo 30 na zaidi, kirangozi alitangulia na msafara ukafuata mwendo wake. Mtu mzito akiwekwa nyuma, kila mara anawakuta mmeshapumzika, na yeye akifika tu mnaondoka. Hapumziki kamwe. Akiwekwa mbele, anapumzika sawa na nyinyi.

Mkiamua kila mtu na mwendo wake, andikeni ni dalili zipi zinaivunja ruhusa hiyo. Mimi ningeandika hivi: mwenzetu akijibu maswali ovyo, akiyumba, akitapika bila kukoma, au akitetemeka wakati wa joto kali, hata aseme “nendeni” mara kumi, haachwi mpaka daktari amshike. Madaktari wapo njiani. Na dhoruba ya mchanga ikianza, kila mtu asimame alipo. Mwaka 1994 Mwitaliano Mauro Prosperi aliendelea kutembea ndani ya dhoruba, akapotea zaidi ya wiki nzima, na alipopatikana alikuwa ameshavuka mpaka na kuingia Algeria.

Sasa maji, na hapa naongea kama muuguzi. Vijana wengi wanaogopa kiu peke yake. Maji mengi mno bila chumvi nayo huua. Unatoka jasho, chumvi inatoka, unaifidia kwa maji matupu, damu inazidi kuwa nyepesi na ubongo unaanza kuvimba. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu huo wa chumvi kwenye damu. Hao walikimbia kilomita 42 tu, tena si jangwani. Utauona mapema: pete inabana kidole, viganja vimevimba, kichwa kinauma, kichefuchefu, na mkojo mtu anaupata vizuri tu. Mtu wa namna hiyo usimwongezee maji matupu. Kunywa ukisikia kiu, kula chenye chumvi, na beba pakiti za dawa ya maji ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha. Uzuri wake ni kwamba mnaweza kuizoea mkiwa huku huku nyumbani.

Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, acha kukimbia umwone daktari. Misuli inavunjika na figo zinaelemewa. Na tafadhali, mwanangu, diklofenaki na ibuprofeni zibaki nyumbani. Najua kila duka la dawa hapa mjini wanakuuzia bila swali. Kwenye joto, mwili ukiwa umekauka, zinazipunguzia figo damu wakati ule ule zinapoihitaji zaidi.

Mazoezi: Tabora imewapa mchanga bure. Njia za kwenda Kwihara na zile za kuelekea bwawa la Igombe zina mchanga unaozamisha kifundo, hasa kiangazi. Anzeni na begi la kilo tatu, mpande polepole mpaka kilo nane au tisa. Sheria ni kwamba siku ya kuanza begi lisipungue kilo 6.5 wala lisizidi 15, bila kuhesabu maji. Jifunzeni kutembea kwa kasi, kwa sababu kwenye vilima vya mchanga laini hata hodari wengi hutembea.

Joto lina hesabu yake. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea, na ukiacha, mazoea hayo huyeyuka ndani ya wiki chache. Mbio huwa Aprili. Kwa hiyo jua la Oktoba mtakalojichomea hapa halitawasaidia Moroko, litakuwa limeshasahaulika mwilini. Machi kwetu ni mvua. Wiki mbili za mwisho kimbieni mchana mkiwa mmevaa nguo nzito, saa moja hivi kila siku, na kamwe mtu asifanye hivyo peke yake.

Chakula: lazima kila siku uwe na kalori zisizopungua 2,000 begini. Gramu 100 za karanga zina kalori karibu 570, kwa hiyo karanga zetu za kukaanga na chumvi zinashinda vingi vinavyouzwa kwa bei ya kutisha. Mimi nilitumiwa matobolwa na mama yangu mdogo. Kwa kuwa viazi vyake vimeshachemshwa kabla ya kuanikwa, nilitafuna hivyo hivyo nikitembea. Michembe, ile inayoanikwa mbichi, iacheni, inataka kuchemshwa. Asali ifungeni mara mbili. Yangu ilimwagikia mfuko wa kulalia siku ya pili, nikalala na sisimizi.

Karatasi mkishaiandika, wote wanne mtie saini, huyo mzito awe wa kwanza. Kama kuna sentensi atakayosita kuisaini, hiyo ndiyo ya kuzungumza tena.

SWALI: Mama, mimi nakimbia ufukweni Kibirizi. Kila Jumamosi narudi na malengelenge vidoleni. Nivae soksi mbili?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Kinachokuumiza ni mchanga na unyevu, soksi ya pili peke yake haitauzuia mchanga. Jangwani tulishonesha kitambaa chepesi kuzunguka kiatu chote, kikapanda mpaka juu ya kifundo, mchanga ukakosa pa kuingilia. Fundi viatu yeyote wa sokoni anaweza kukushonea, mwambie tu asitoboe soli. Kiatu kiwe kikubwa kidogo kuliko unachovaa kazini, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia muda mrefu. Vidole vinavyoumia kila mara vifunge plasta kabla hujatoka nyumbani, vikiwa vikavu. Lengelenge dogo lisilouma usilipasue. Kama limejaa na linakuzuia kutembea, litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, ngozi ya juu iache ilivyo, ufunike. Na usirudi ziwani na kidonda wazi.