Meseji Imeingia, Hela Haijaingia

Nauza mafuta ya alizeti soko la Majengo hapa Dodoma, huu mwaka wa nane. Nayauza kwa dumu la lita 20, na kila dumu nalifunga utepe mwekundu kwenye mkono ili wapakiaji wasilichanganye na la jirani. Nasema hivi mjue kwamba aliyetapeliwa si mgeni wa mji wala mgeni wa simu. Wateja wangu karibu wote wananilipa kwa simu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Kuna mtu akapiga, sauti ya heshima. "Mbukwenyi, mama," akanisalimia Kigogo kabisa, moyo ukalainika. Alitaka madumu matatu ya mgahawa wake karibu na stendi ya Nanenane, bodaboda angekuja kuyachukua. Tukaelewana 270,000. Kijana akafika nikiwa nampimia mama mwingine, mikono imejaa mafuta, foleni imesimama. Simu ikalia. Nikaichungulia: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 270,000..." Kuna namba ya muamala, tarehe, saa, jina, na salio jipya chini. Nikamwambia kijana, pakia.

Jioni nakwenda kwa wakala kutoa, naambiwa salio halitoshi. Ndipo nikaisoma ile meseji kwa utulivu. Ilitoka kwenye namba ya kawaida, yenye tarakimu kumi kama yangu na yako, wala si kwa jina la huduma linalotuma meseji zangu siku zote. Na lile "salio jipya" lilisema nina milioni moja na laki tatu. Mimi! Asubuhi ile nilikuwa na elfu arobaini na kitu. Kama ningesoma mstari mmoja zaidi ningecheka, na mzigo usingeondoka.

Tangu siku hiyo siachii mzigo kwa sababu ya meseji. Naingia kwenye menyu mwenyewe, naangalia salio, ndipo mzigo unaondoka. Wateja wengine wananuna, hasa wale wa siku nyingi. Nawaambia wakae kwenye benchi, maji ya kunywa yapo. Ukiwa na haraka kuliko dakika moja ya kuangalia salio, basi lipa taslimu.

Ndugu wa hii hila ni ile ya "samahani dada, nimekosea namba, nirudishie." Kwanza angalia salio kama hela imeingia kweli. Hata kama imeingia, usiitume kwa mkono wako. Mwambie apige 100, huduma kwa wateja, mtandao wake ushughulikie. Ukimrudishia mwenyewe, naye akaomba muamala wake urudishwe, umelipa mara mbili.

Halafu kuna "ile hela tuma kwenye namba hii." Mtanzania gani hajaipata? Tunaicheka, lakini Dodoma ni mji wa wapangaji, na tangu serikali ianze kuhamia huku tumezidi kuwa wengi. Kodi tunalipa ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Meseji inatumwa kwa watu wengi bila kumjua yeyote, nayo inamkuta mmoja ambaye kweli jana ameongea na mwenye nyumba. Jirani yangu wa Nkuhungu ilimkuta hivyo. Nilimuuliza kama hakusoma jina kabla ya kuthibitisha. Alilisoma! Meseji yenyewe ilikuwa imeshamtajia jina litakalotokea, kwa hiyo lilipotokea akaona mambo yako sawa. Jina linakulinda pale tu unapolijua wewe kabla. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake.

Ukipata meseji ya namna hiyo, itume kama ilivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha utaulizwa namba iliyokutumia. Hela yako haitarudi kwa njia hiyo, lakini laini ya tapeli inaweza kufungiwa.

Sasa laini. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na wengi tukadhani utapeli umekwisha. Matapeli wakapata ujanja wao: unasajili laini chini ya mwavuli barabarani, unaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, na tena. Mara nyingine kile kidole cha pili kimesajili laini ya mtu usiyemjua kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda dukani kwa mtandao husika ikafutwa. Na simu yako ikikosa mtandao ghafla wakati za wenzako zinashika, usisubiri kesho. Huenda kuna mtu amejitengenezea laini yako. Kimbia dukani kwao.

Weka pia namba ya kufungulia laini yenyewe, mbali na ile ya kufungua simu. Mwizi akikupora stendi anachomoa laini na kuiweka kwenye simu yake. Akikuta inadai namba, amekwama.

Mikopo ya mtandaoni sina mengi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Programu inayotaka kusoma majina yote ya simu yako kabla ya kukupa elfu hamsini, ujue inatafuta watu wa kuwapigia siku utakapochelewa. Mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, angalau unamjua sura.

Kwa mama yangu kule Mpwapwa nilishindwa kwa maneno. Kila akienda kutoa hela anampa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Nikimkanya ananiambia, "Yule ni mwanangu, kazaliwa naona." Sikubishana. Nilikaa naye jioni mbili na kitochi chake, tukarudia kubonyeza mpaka vidole vikazoea vyenyewe bila kusoma. Sasa anatoa mwenyewe, na wakala yule wala hakununa.

Polisi nilikwenda, nikapewa RB, namba ya taarifa yangu. Bodaboda naye alikuja siku ya pili kulalamika hakulipwa nauli yake. Alishusha mzigo nje ya stendi, ukapakiwa kwenye Noah, ikaondoka. Kila nikipita Sabasaba au Nanenane, macho yanatafuta dumu lenye utepe mwekundu.