Fundi Ajibu: Kanuni wanazijua, mbona bado wanaungua?

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninafundisha wanagenzi sita kazi ya kupuliza kioo. Kanuni za usalama nimezibandika ukutani, na nikiwauliza wananitajia zote. Hata hivyo mwezi huu wawili wameungua vidole, wote wakiokota vipande vilivyodondoka. Je, niwape adhabu?
Mwalimu wa karakana

JIBU: Marahaba, mwalimu. Adhabu iache kabisa, nitakwambia kwa nini.

Kioo kinachotoka tanurini kina nyuzi 1,100 hivi za selisiasi. Kinawaka rangi ya chungwa, na hata mgeni anakiogopa. Kikishapoa hadi chini ya nyuzi 500, wekundu unatoweka. Unakiona cheupe, kimetulia kama bilauri kabatini, kumbe bado kinachuna ngozi. Mimi niliungua kidole gumba wiki ya tatu ya uanagenzi wangu. Shingo ya chupa ilinikatikia, ikaanguka, nikaikimbilia ili fundi wangu asiione. Si kwamba sikujua ina moto. Niliona aibu. Sasa wewe ukiongeza adhabu juu ya aibu, wataokota haraka zaidi.

Wafundishe kupiga kelele. Kikidondoka, aliyekidondosha aseme kwa sauti, "Kimeanguka!" Wenzake wasimame, naye akichukue kwa koleo, hata kama kimelala nusu saa. Wewe uanze: siku ukidondosha chako, piga kelele mbele yao. Vivyo hivyo anayepita na bomba la kupulizia lenye kioo aseme, "Moto nyuma yako!" Wafanye mazoezi ya kupishana na mabomba baridi, matupu, siku kadhaa kabla ya kugusa tanuru. Watacheka, waache wacheke.

Zoezi jingine ninalolipenda: panga mezani vipande vitatu, kimoja kikiwa cha moto, uwaulize ni kipi. Kwa macho watabahatisha tu. Kisha kila mmoja asogeze mgongo wa mkono karibu, bila kugusa, asikilizie joto. Simama hapo hapo mezani, usiende kupokea simu.

Mavazi najua umeshayasema: pamba, si nailoni wala poliesta, maana hizo huyeyuka na kuganda mwilini. Miwani isivuliwe hata karibu na ndoo ya mabaki, kwa kuwa kioo kinachopoa ghafla hupasuka na kuruka. Vumbi la mchanganyiko wa malighafi msilifagie kavu. Lilowesheni kwanza, tena mkiwa na barakoa ya kuchuja vumbi, kwani silika iliyomo, yaani unga laini wa mchanga, haitoki mapafuni.

Akiungua mtu, maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si siagi. Jeraha kubwa au lenye malengelenge lionwe na daktari.

Na ile karatasi ya ukutani, ibandue. Ihamishie juu ya ndoo ya mabaki, pale wanapoinama, na ibaki na maneno mawili tu: CHUKUA KOLEO.