Mkanda wangu unabana katikati

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimejitengenezea kitanda kidogo cha kufumia: vijiti vya aiskrimu nimevitoboa katikati, nikavigandisha kwenye fremu. Nafuma mikanda ya mikoba kwa uzi wa sweta. Mwanzoni unatoka upana wa vidole viwili, katikati unabana, mbele unapanuka tena. Je, ninunue kitanda kikubwa? Natamani pia kufuma shali.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yako iweke kwanza, kibao chako hicho cha vijiti kinafaa kabisa.

Tatizo la kwanza ni huo uzi. Wa sweta unavutika, na vinyweleo vyake vinanasana kila unapoinua kibao. Tafuta wa pamba, ule wa kufumia vitambaa vya makochi.

Sasa upana. Katika mkanda wa namna hii inayoonekana ni mitande, yaani nyuzi za urefu. Mshindio, ule uzi unaoupitisha kukatiza mitande, unajificha ndani, kwa hiyo uchague wa rangi ileile ya nyuzi za pembeni. Lakini huohuo usioonekana ndio unaobana. Nahisi wewe unauvuta pale pale unapoupitisha. Usifanye haraka! Upitishe, acha kitanzi kidogo nje ya ukingo, kisha badilisha njia: kibao kikipanda, nyuzi za kwenye matundu zinapanda nacho, kikishuka, zinashuka, zile za kwenye mianya kati ya vijiti hukaa palepale. Gonga kwa ubavu wa rula, halafu ndipo uvute kitanzi kiingie, taratibu, mpaka kiguse ukingo tu. Pia kata kadi yenye pengo la upana unaoutaka, uipachike kwenye mkanda mara kwa mara. Macho yanadanganya, hasa taa ikiwa hafifu.

Kama ncha moja ya mitande umeifunga kiunoni, angalia na ukaaji wako. Ukiinama mitande inalegea, na mkanda unabadilika bila wewe kujua. Mimi hukaa mkekani, mgongo ukutani, sisogei.

Shali nayo haihitaji kitanda kikubwa. Kule Bonwire, karibu na Kumasi nchini Ghana, wafumaji wa kente hufuma vipande vya kama sentimita 10, kisha vinashonwa ubavu kwa ubavu hadi kupatikana nguo ya kujifunga mtu mzima. Hata mkeka wetu ni ukili mwembamba ulioungwa kwa sindano. Ila usichukue mkanda wa mkoba ukaufanya shali. Utakusimamia mabegani kama kadibodi. Kwa shali tumia uzi mwembamba zaidi, na mshindio usiuvute hadi mitande igusane, uache uonekane. Tanda mtande mmoja mrefu wa kutosha vipande vyote, na uongeze kama nusu mita, maana mwishoni kuna sehemu isiyofumika. Ukimaliza ndipo ukate na kufunga ncha. Kuunga, shona kwa mkono kwa uzi uleule. Cherehani huvuta upande mmoja.