AFP ya kaka iko chini: aache kupiga ultrasaundi?

Dada wa Pongwe, pole kwa wasiwasi. Umesema kaka anaishi na homa ya ini B, karatasi ya maabara inasoma AFP 6 (kipimo cha damu kinachosaidia kusaka saratani ya ini), na sasa anaona kwenda hospitali ya Bombo kupiga ultrasaundi ni kupoteza nauli. Tafadhali mbembeleze aende.

AFP ni protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi. Mtu mzima hubaki nayo kidogo sana. Ikivuka nanogramu 20 kwa mililita, daktari huanza kutafuta sababu. Shida ni kwamba saratani nyingi za ini zikiwa changa hazipandishi AFP kabisa, na hizo changa ndizo zenye nafasi nzuri ya kutibika! Tena ini likichachamaa kwa virusi tu, AFP hupanda bila saratani yoyote. Kwa hiyo hupimwa pamoja na ultrasaundi kila miezi 6, si badala yake.

Ipo protini nyingine, PIVKA-II, inayosaidia pia, ila kwa mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupanda hata kama hana uvimbe.

Mimi ningekazania zaidi dawa. Amuulize daktari kuhusu kupima wingi wa virusi na kama anastahili tenofovia, maana hupunguza hatari ya saratani. Mahindi na karanga zenye ukungu mzitupe; sumukuvu ikikutana na kirusi B, hatari huongezeka sana. Nawe pima, pamoja na watoto. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe.