Sabufa kwenye redio iliyokuja na gari

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, redio ni ileile iliyotoka nayo Japani. Nimenunua sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya mtumba iliyoandikwa wati 1500. Fundi mmoja hapa Ngamiani anasema lazima ning'oe redio kwa kuwa haina matundu ya RCA, yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya. Mwingine anasema ataunga amplifaya kwenye waya wa moto wa redio. Nimsikilize yupi? Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usimsikilize hata mmoja, na huyo wa pili usimpe hata ufunguo.

Redio ibaki. Tazama ubavuni mwa amplifaya kama kuna soketi ya kupokea nyaya za spika moja kwa moja. Ikiwepo, chukua sauti kwenye nyaya za spika za nyuma. Isipokuwepo, nunua konveta ya kugeuza nyaya za spika kuwa RCA, kidude kidogo tu. Angalizo: waya hasi wa spika usiugusishe bodi ya gari. Redio nyingi za kisasa zinasukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, kwa hiyo ukiupeleka mmoja erthi, yaani kwenye bodi, unaweza kuiunguza redio.

Sasa hizo wati 1500. Zisikutishe wala zisikufurahishe. Chungulia fyuzi za amplifaya yenyewe. Tuseme ni mbili za ampia 15, jumla 30. Injini ikiwaka umeme wa gari ni kama volti 13.8, kwa hiyo kinachoingia ni wati 414, na sehemu yake inapotea kuwa joto. Utapata labda 300 za kweli. Zinakutosha kabisa, IST si ukumbi wa harusi.

Lakini ampia 30 hizo ndizo zinazomkataa fundi wako wa pili. Waya wa redio umewekewa fyuzi ya ampia 10 au 15 hivi. Ama fyuzi itakatika kila ukiongeza sauti, ama mtu ataweka fyuzi kubwa na waya utayeyuka nyuma ya dashibodi. Vuta waya mpya wa shaba, geji 8, kutoka kwenye betri, na fyuzi yake ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Unapopita kwenye bati linalotenganisha injini na ndani ya gari, tundu livalishwe raba. Bila raba bati litakata ganda la waya taratibu, na hapo ndipo magari yanapoungua.

Erthi ya amplifaya iwe fupi, kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae, siyo kwenye bolti ya mkanda wa kiti. Ukishakaza, paka grisi, maana upepo wetu wa chumvi unakula bati haraka.

Waya wa kuwashia amplifaya uunge panapopata moto ufunguo ukiwashwa tu, la sivyo asubuhi utasukuma gari. Kwenye amplifaya, kata sauti nyembamba zilizo juu ya hetzi 80, ibaki besi. Ile gein, kirekebishi cha kulinganisha amplifaya na redio, siyo kitufe cha sauti: ianzie chini, ongeza kidogo kidogo, ukisikia besi inakwaruza rudi nyuma.

Ukisikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta, kagua erthi kwanza. Kisha tenganisha nyaya: wa moto upite upande mmoja wa gari, za RCA upande wa pili. Usikimbilie kununua kichujio cha kelele.