Mama wa Nkuhungu, usimtoe mtoto shule: D nne kwanza, kinanda baadaye

Salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi, itafuata baadaye. Dada, hiyo laki tatu ya "kushikia nafasi" usiitume. Kama umeshaandika namba ya simu na kiasi na kimebaki kidole tu kwenye kitufe, kitoe hicho kidole.

Kwa mliochelewa: mama ana kijana wa Form Three, anapiga kinanda kwaya ya vijana, na kwa maelezo yake anapiga vizuri. Kuna bwana anajiita mkurugenzi wa akademi ya muziki, amemshauri amtoe shule Januari akaanze "diploma" kwake, na atume kwanza hiyo laki tatu, kwa sababu "muziki hauulizi vyeti". Mama anauliza anunue kinanda gani, kati ya Bagamoyo, Makumira na Zanzibar aende wapi, hosteli ikoje, na mwisho wa yote kijana atapata kazi? Maswali mazuri. Ila mimi nilipofika kwenye "muziki hauulizi vyeti" nilisimama wima, chai ikamwagika.

Maana sentensi hiyohiyo niliuziwa mimi mwaka 2016. Neno kwa neno. Inaelekea hawa watu wana karatasi wanaazimana.

Mimi ni mkulima wa zabibu, Mpunguzi hapa Dodoma. Kijana wangu alikuwa na mkono. Sisemi kwa sababu ni wangu. Baba yangu alikuwa mpiga zeze, na hakuwa mtu wa kumsifia mtu, lakini alikaa kanisani siku moja akamsikiliza mjukuu wake, akatoka nje akasema, "Huyu ana masikio." Kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba nzima. Basi na mimi kichwa kikavimba. Mtu mwenye kichwa kilichovimba ndiye mteja wanayemtafuta hawa jamaa.

Mkurugenzi wetu alikuja mpaka nyumbani. Tukamchinjia kuku. Akala, akajifuta mdomo, akasema Hesabu na Baiolojia zinamchosha mtoto bure, aelekeze nguvu kwenye kipaji. Mke wangu akauliza, "Na cheti?" Akacheka. Akasema, "Mama, Mzee Hukwe Zawose alisoma wapi?" Hapo akawa amenimaliza. Kwa Mgogo ukimtaja Zawose umemaliza mjadala. Mtoto wa Dodoma, ilimba (ile ala ya kupiga kwa vidole gumba) na zeze vikamzungusha dunia nzima, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo alikuwepo. Nikamwangalia mke wangu kama vile yeye ndiye adui wa maendeleo.

Kitu ambacho sikukifikiria, na kuku alikuwa ameshaliwa, ni kwamba Mzee Zawose kule Bagamoyo alikuwa anafundisha. Hakwenda pale kama mtoto wa miaka kumi na minane aliyebeba bahasha ya maombi. Ukiwa Zawose, chuo kinakutafuta chenyewe. Ukiwa mtoto wangu, wanaanza na cheti cha Form Four.

Sisi angalau hatukumtoa shule. Tulifanya kitu cha kijinga zaidi: tulimwacha shule kwa jina tu. Mwaka mzima wa 2017 akawa anakwenda darasani kama mgeni. Tuisheni akaacha. Ijumaa jioni anasafiri na bendi ya mkurugenzi, Jumatatu anarudi macho mekundu. Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yalikuja mabaya, mimi nikasema moko huwa wanabana makusudi.

Januari 2018 NECTA, baraza la mitihani, wakatoa matokeo ya Form Four. Divisheni Four. Kiswahili C, Civics D, Historia D, Bible Knowledge B. Kwingine kote F, Hesabu mpaka Kiingereza. Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nilihesabu kwa vidole: nne. Nilikuwa nimesikia vyuo vinataka D nne, yaani kufaulu masomo manne walau kwa D, basi mtoto kafika, tena ana B moja. Jumapili nikatoa shukrani kanisani kwa ile B ya Biblia. Mchungaji akanitaja kwenye matangazo.

Sasa kaa vizuri, dada, maana hapa ndipo pesa ilipozama.

Kwa kuwa "tuna D nne", sikuwa na haraka. Mkurugenzi akasema aanzie kwake mwaka mmoja, apate "diploma ya kimataifa", halafu chuo kikuu watamgombania. Mji nautunza moyoni, jina la akademi nalo hivyohivyo, moda wa jukwaa hili wasije wakanifungia. Hesabu nina karatasi yake mpaka leo: usajili 50,000, ada 900,000, sare ya bendi 80,000, "mtihani wa kimataifa" 250,000. Chumba na chakula 70,000 kwa mwezi, miezi kumi na miwili. Kinanda 750,000, kilinunuliwa kupitia yeye kwa kuwa "ana wakala". Jumlisha: 2,870,000. Hiyo ni mavuno mawili ya zabibu, ya Machi na ya Agosti, na mbuzi juu.

Mwalimu wa nadharia alionekana miezi minne, akapotea. Iliyobaki ikawa "mafunzo kwa vitendo", yaani kijana anapiga kinanda kwenye harusi na send-off za watu, malipo yanaingia kwa mkurugenzi. Kwa kifupi nilikuwa namlipa bosi ili amwajiri mwanangu bure. Mwisho wa mwaka tukapewa cheti kizito, kina stika ya dhahabu kubwa kama kisosi na sahihi mbili zilizoandikwa na mkono mmoja. Nikakitia fremu. Kipo mpaka sasa. Siku hizi nyuma yake ndipo mke wangu anaficha risiti za luku.

Agosti 2019 nikatoka kuuza zabibu, nikasema sasa twende chuo chenyewe. Tukaingia steshenari moja upande wa Sabasaba kufanya maombi mtandaoni. Kijana wa steshenari alikuwa anakula chipsi kwa mkono wa kushoto, wa kulia unabonyeza. Akaweka namba ya mtihani, matokeo yakafunguka. Akayatazama kidogo, akaacha kutafuna.

"Mzee, hii Bible Knowledge mnaihesabu?"

"Ndiyo yenye B hiyo!"

Akafuta vidole kwenye suruali. Akavuta kipande cha karatasi, akaandika Kisw, chini yake Civ, chini yake Hist. Akapiga mstari.

"Tatu," akasema. "Wanataka nne, na za dini hazimo."

Nikamwambia haiwezekani, labda mfumo umekosea. Hakubishana. Akafungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTE, wasimamizi wa vyuo vya kati, siku hizi ni NACTVET, akashuka, akashuka, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wenyewe: astashahada, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Limeandikwa, na kulisoma ni bure. Mtoto wa miaka ishirini na moja mwenye mafuta ya chipsi vidoleni alilijua, na mkurugenzi aliyekula kuku wangu hakulijua. Au alilijua. Nikilala upande wa kulia naamini hakulijua, nikigeukia kushoto naamini alilijua.

Kijana wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na bahasha. Hakusema kitu. Alitoka nje akakaa kwenye pikipiki. Tulirudi Mpunguzi bila kuongea, na mimi huwa siwezi kukaa kimya hata msibani.

Kwa hiyo ikawa kurisiti, yaani kurudia mtihani. Lakini usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na sisi tulikuwa Agosti. Treni imeondoka. Tukasubiri mwaka 2020 ajiandikishe, akafanya mtihani Novemba, masomo matatu, matokeo Januari 2021. Kiingereza D, Jiografia D. Nililia kwa zile D mbili kuliko nilivyofurahia B ya Biblia, Mungu anisamehe. Chuo akaanza Oktoba 2021. Wenzake aliokaa nao dawati moja, walioanza mwaka 2018, walikuwa wameshamaliza NTA level 6, yaani diploma, na kuvaa majoho. Mwanangu akaanza level 4, mwanzo wa astashahada, ana ndevu.

Miaka mitatu, dada. Milioni mbili na laki nane zinauma, lakini zabibu huzaa tena mwakani. Ile miaka mitatu ningeipatia wapi? Na kilichotukwamisha hakikuwa kinanda wala kipaji. Ni D moja! D! Ya Jiografia ingetosha!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, na mtaisikia mpaka mchoke: chukua karatasi, andika masomo ya mtoto, kata la dini kwa kalamu nyekundu, hesabu yaliyobaki. Hayajafika manne ya uhakika, hakuna kinanda, hakuna akademi, hakuna ziara ya kwaya. Mimi ningesema lenga sita, maana siku ya mtihani mbili hukimbia. Na usidhani utaziruka ukienda juu. Anayetaka digrii kwa njia ya diploma, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenye diploma, na zile nne za Form Four bado wanaziangalia. D nne zinakufuata kama kivuli.

Na huyo mkurugenzi mwulize swali moja: programu yako ya muziki imo kwenye mwongozo wa NACTVET? Nimesema programu. Wetu alituonyesha cheti cha usajili wa biashara na leseni, tukadhani ndivyo vyuo vilivyo. Leseni ya biashara hata muuza vitunguu anayo. Akianza kusema "sisi tuko kimataifa zaidi", mpe soda, msindikize mpaka barabarani. Kuku usimchinjie.

Haya, maswali yako. Bagamoyo ni TaSUBa, ya serikali, ndiyo kile Chuo cha Sanaa cha tangu 1981, unaanza astashahada unapanda mpaka diploma. Makumira ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kiko Usa River kule Arusha, muziki wana digrii yake, na ya digrii bado mapema kwenu. Zanzibar kuna DCMA, akademi ya muziki, Mji Mkongwe, tangu 2002, ukitaka ala za udi na kanuni, na taarabu, ndiyo nyumbani kwake. Kipi bora? Kile ambacho D zake zitamfikisha. Unaona tunarudi palepale.

Kinanda: chochote chenye vibao vya ukubwa wa kawaida, cha mtumba kinatosha, ila kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha ufunguo wa wimbo chenyewe, kizibe kwa plasta. Nacheka lakini sitanii. Watoto wetu wa kwaya wanapiga ufunguo mmoja tu, wimbo ukipanda wanabonyeza transpozi. Wangu alikuwa hivyo. Siku aliyokalishwa kwenye piano ya mbao akaniambia aliitafuta transpozi pembeni, chini, mpaka nyuma. Na nota alijua za solfa peke yake, do re mi za kwenye daftari la kwaya. Ile mistari mitano aliisoma kama mtu anayesoma mita ya maji. Mtafutie mtu wa kumfundisha nota za mistari jioni moja kwa wiki, Jumamosi, baada ya tuisheni. BAADA ya tuisheni.

Mtu hapo juu amesema "mwache mtoto afuate moyo wake". Mkuu, wangu aliufuata. Ulimfikisha steshenari.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza ya hosteli na ajira, nilijisahau. Nakwenda shamba kufungulia maji, tutaongea usiku. Dada, wakati huo piga picha ripoti ya muhula wa kijana, iweke hapa tuihesabu pamoja. Funika jina lake. Na Biblia ifunike pia.