Msituonee huruma sisi wasomaji wa kawaida

Wahariri, swali lenu la wiki hii, "Falsafa ya uhuru na fikra ielezwe vipi ili mtu wa kawaida aielewe?", limenichoma kidogo. Ningependa kwanza kujua nani aliyeamua kwamba haielewi.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, profesa wa Königsberg kule Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, naye alikuwa akijibu swali la jarida. Desemba 1783 mchungaji mmoja, Zöllner, aliuliza katika jarida la Berlin, tena kwenye tanbihi tu, huko kuelimika kunakoimbwa na kila mtu ni kitu gani hasa. Jibu la Kant lilitoka Desemba 1784, kurasa chache tu. Anasema wengi tumebaki watoto kwa kujitakia. Akili tunayo, ujasiri wa kuitumia bila kushikwa mkono ndio hatuna. Ya nini nijisumbue, ikiwa ninacho kitabu cha kunifikiria, mchungaji wa kuwa dhamiri yangu na daktari wa kunipangia chakula? Sasa niambieni, muhtasari wa ukurasa mmoja "kwa msomaji wa kawaida" si ndicho hicho kitabu cha kunifikiria?

Niliujaribu muhtasari wa namna hiyo kijiweni kwetu hapa Tanga, baada ya alasiri, kahawa ikizunguka na kashata ziko kwenye sahani ya bati. Nilikuwa nimeuchapa kutoka intaneti. Nikasoma kwa sauti: fikiri mwenyewe, usiburuzwe, thubutu kutumia akili yako. Wote wakaitikia "sawa kabisa", mzee mmoja akasema hayo hata bibi yake aliyajua, na mazungumzo yakarudi kwenye mechi ya Coastal.

Nikatoa karatasi ya pili, makala yenyewe, niliyoigeuza Kiswahili kwa kadiri nilivyoweza. Nikasoma pale penye mifano. Ofisa wa jeshi akiamriwa, atii. Lakini kama msomi mbele ya umma, ana haki ya kuandika makosa ya jeshi. Raia alipe kodi, kisha aikosoe hadharani. Mchungaji afundishe kama kanisa lake linavyotaka, halafu aandike yanayomtatiza. Hapo kijiwe kikawaka.

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo mimi asubuhi nifundishe mtaala kama ulivyo, jioni niandike gazetini kwamba haufai? Si naletewa barua ya kujieleza, au nahamishiwa huko basi lisikofika?" Mzee akasema huo ni unafiki, mtu hawi na sura mbili. Mwalimu akamjia juu: mzee, wewe una pensheni yako, sisi wengine tunataka tuseme na bado tule. Fundi cherehani, ambaye kwa kawaida hana maneno, utepe wa kupimia ungali shingoni, akasema yeye ushuru analipa na kulalamika analalamika kila siku, hajaambiwa hata mara moja kwamba ni mwanafalsafa. Tukacheka. Ndipo muuza kahawa akauliza, anajaza vikombe: "Na mfalme wao alikuwa anasemaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mfalme wa wakati ule, Friedrich, Kant anamsifu kwamba ndiye pekee awezaye kusema: bishaneni mtakavyo, juu ya lolote mtakalo, lakini tiini. Friedrich akafa 1786. Aliyemrithi hakuwa na uvumilivu huo, na mwaka 1794 Kant akapelekewa barua ya karipio kwa maandishi yake juu ya dini. Akaahidi kunyamaza, "kama raia mtiifu kabisa wa Mtukufu Mfalme". Mfalme huyo alipofariki 1797, Kant akaona ahadi imezikwa naye, na mwaka uliofuata akaandika tena. Mwalimu akapiga paja: "Kumbe naye alikuwa mtumishi wa serikali!" Magharibi ilitukuta bado tunabishana kama ile ilikuwa hekima au woga.

Muhtasari wangu wa intaneti haukuwa na neno "tiini". Wala haukuwa na pale Kant anapowaweka wanawake wote katika kundi la wanaoogopa kujitegemea kwa fikra, jambo ambalo mke wangu alilipokea kwa maneno ambayo hamtayachapisha. Walioutunga muhtasari huo walikuwa wamemwogesha Kant, mzee wa watu, mpaka hana cha kubishiwa.

Nilikusudia kuwaambia wahariri msieleze chochote, chapisheni makala nzima na mtuache nayo. Lakini fundi aliniambia baadaye kwamba ningeanza na ile karatasi ya pili angeondoka zake. Ile ya kwanza, pamoja na ubovu wake, ndiyo iliyomkalisha. Basi elezeni, mradi yale yanayoudhi yabaki humo ndani. Na hata hili silisemi kwa kila kitabu. Makala hii ni fupi, ina kodi na wanajeshi. Ule uhakiki wake mkubwa wa 1781, kitabu kizima juu ya mipaka ya akili, mimi siupeleki kijiweni. Huo waacheni wanaolipwa kuusoma watusimulie, nasi tuwabishie.